Muulize Sista: "Nimekuta mabomba ya sindano chini ya godoro la mwanangu"

Mwezi huu mkoba wa barua umejaa mambo ya VVU na unga, yaani heroini. Mlioniuliza habari za vidonda vya tumbo na watoto wasiokula mnivumilie, zamu yenu inakuja toleo lijalo. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni nesi mstaafu, kazi yangu niliimalizia Temeke, kwanza wodi ya wazazi, baadaye chumba cha CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU. Nakaa Mtoni. Majina ya waandishi nimeyaondoa, na pale ambapo mtaa ungemuumbua mtu nimeubadilisha.

*Habari za siku, Sista. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Tandika, nauza vitumbua asubuhi na samaki wa kukaanga jioni. Mwanangu wa pili ana miaka 24, alikuwa konda wa daladala kabla hajaachishwa. Juzi natoa mashuka nifue, nikakuta chini ya godoro mabomba matatu ya sindano, kijiko kimeungua kitako, na kipande cha pamba. Nikatetemeka, nikayatupa yote chooni. Aliporudi hakusema neno, ila kesho yake jirani akaniambia kamwona maskani nyuma ya soko, wanapokezana bomba moja watu watatu. Baba yake anataka atoke nyumbani. Dada yangu anasema tumpeleke soba hausi, zile nyumba za kuachia unga, hata kwa kumfunga kamba. Mimi nawaza UKIMWI tu. Nimpime kwa siri? Nimpe hela asiibe? Nifanye nini, Sista?*

Pole sana, mama mwenzangu. Nianze na yale mabomba, maana hayo ndiyo ya leo. Mengine yana nafasi ya kusubiri kidogo.

Usiyatupe tena. Najua mama akikuta kitu kama kile mkono hutangulia akili. Lakini tazama kilichofuata: mwanao hakuacha unga kwa kukosa bomba, aliazima la mwenzake. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, haina subira. Mtu anatapika, anaharisha, kamasi na machozi vinamtiririka, viungo vinamuuma, usiku halali. Akiwa hivyo ukimwekea mezani bomba lenye damu ya mtu asiyemjua atalichukua. Na virusi hukaa kwenye ile damu inayobaki ndani ya bomba na kwenye tundu la sindano, haikauki haraka humo. Homa ya ini, B na C, nazo zinapita njia hiyohiyo, tena ni sugu kuliko VVU.

Bomba jipya linauzwa duka la dawa lililo karibu na wewe, na bei yake haifiki sahani ya chipsi. Sasa nasema hivi mbele ya wasomaji wote, na watakaoniandikia kwamba Sista anafundisha vijana kujidunga waandike tu, nitazisoma barua zao: kama leo mwanao atajidunga, na kwa hali unayonieleza atajidunga, bora ajidunge kwa bomba lake mwenyewe. Siku atakayokubali kutibiwa aje na tatizo moja badala ya matatu. Mwambie bila kufoka: bomba lako, kijiko chako, maji yako, pamba yako. Wengi wanakumbuka sindano na kusahau kwamba wamechovya wote kwenye kijiko kimoja. Mtafutie kopo gumu la plastiki lenye mfuniko, aweke yaliyotumika humo, wadogo zake wasije wakachomwa wakifagia. Na ikitokea hana budi ila kulirudia bomba, alisuuze kwa maji safi mara kadhaa, kisha jiki isiyochanganywa na maji, aitikise humo ndani, aimwage, kisha maji safi tena. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi.

Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu baadhi ya dada zetu wa hapahapa Dar waliokuwa wakijidunga: aliyepata kete ya unga akajidunga anavuta damu yake kwenye bomba, anampa mwenzake asiye na kitu ajidunge ile damu, apoze arosto. Dunia nzima ilishtuka. Mimi nilichokisoma pale ni kwamba wale wanawake walikuwa wanasaidiana, kwa njia mbaya kuliko zote, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuwasaidia. Mwaka ule hapakuwa na kliniki ya methadoni mahali popote mjini.

Sasa ipo. Muhimbili ilianza Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na kwako Tandika Temeke ni pua na mdomo. Methadoni ni dawa ya maji, anaimeza mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Ni ya ukoo mmoja na heroini lakini inapanda taratibu na kushuka taratibu, inamshikilia mtu kutwa na usiku, hivyo arosto haimjii na ile raha ya ghafla haipo. Mtu anaamka akiwa na akili ya kutafuta kibarua badala ya kutafuta kete. Wanaanza na dozi ndogo na kupandisha kidogokidogo, kwa hiyo wiki za mwanzo bado atakuwa na shida, na ndipo wengi wanaporudi maskani. Wiki hizo ndizo za kuwa naye.

Baba watoto atasema mnabadilisha unga kwa unga. Wananiambia hivyo hata majirani zangu. Muulize, yeye akimeza kidonge chake cha presha kila asubuhi, mbona hakuna anayemwita mraibu wa vidonge? Wapo wanaokunywa methadoni miaka na wapo wanaopunguziwa mpaka wakamaliza. Hilo ni la kupanga na daktari wake, na wala si jambo la mwezi mmoja.

Kuingia kliniki kunahitaji ridhaa yake. Njia ya kawaida ni kupitia asasi zinazozunguka maskani, ambazo wahudumu wake wengine wenyewe walikuwa mateja, watumiaji wa unga, na wanajua pa kumkuta na namna ya kumsemesha. Humwandaa kwa vikao kadhaa na kumsindikiza. Kliniki itataka ndugu wa kumsimamia, na huyo uwe wewe. Nenda mwenyewe kwanza, kabla ya yeye kukubali, uulize dirishani utaratibu wao ukoje. Unaruhusiwa kuuliza.

Hapohapo watampima VVU, kifua kikuu na homa ya ini kwa ridhaa yake, na akikutwa na chochote dawa anaanzishiwa. Kwa siri usimpime. Sheria inataka mtu mzima akubali mwenyewe, na hata isingetaka, majibu ya kuiba utayafanyia nini? Kama anaogopa kuonekana kliniki, kipo kile kipimo cha kujipima kwa ute wa fizi, kinaruhusiwa nchini tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019. Anasugua fizi, anasubiri dakika 20, anasoma majibu kabla ya dakika 40 kupita. Mistari miwili maana yake aende kituoni akathibitishwe, haijawa hukumu bado.

Jambo moja la kitaalamu ulishike, kwa sababu naliona linaangusha watu. Akikutwa na kifua kikuu, kwenye dawa zake kuna rifampisini, na rifampisini inaimaliza methadoni mwilini haraka. Kijana anaanza kutetemeka, ndugu wanasema "karudia unga", kumbe dozi yake haitoshi tena. Rifampisini hiyohiyo inaipunguza nguvu dolutegraviri, ambayo ndiyo dawa kubwa ndani ya kidonge cha VVU tunachotumia sasa, kwa hiyo dolutegraviri huongezwa iwe mara mbili kwa siku mpaka wiki mbili baada ya dawa za kifua kumalizika. Kila daktari ajue dawa zote. Mwanao anaweza asikumbuke kusema. Sema wewe.

Soba hausi sizipingi. Zipo zilizowatoa watu shimoni, kwa waliokwenda kwa miguu yao. Kamba sizitaki, kumfunga mtu si matibabu. Tena kuna hatari isiyosemwa: aliyekaa miezi bila unga, iwe soba hausi, gerezani au kijijini kwa bibi, mwili umeshasahau. Akitoka na kupiga kipimo chake cha zamani, kinamzima. Kwa hiyo hili na wadogo zake walijue: ukimkuta haamki, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imegeuka rangi, pumzi zinakuja mojamoja, mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Akiacha kupumua, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mkiwa njiani. Msimnyweshe maziwa, msimmwagie ndoo za maji, msimdunge maji ya chumvi. Na akishaanza methadoni, pombe na vidonge vya usingizi juu yake ni hatari ya namna hiyohiyo.

Hela mkononi usimpe. Chakula mpe, nauli ya kliniki mlipie mwenyewe kwa konda. Simu yako na jiko la gesi viende kwa shoga yako mpaka hali itulie, hakuna aibu hapo. Na kitanda chake kibaki. Nimewaona waliofukuzwa na waliobakizwa. Waliopata nafuu wengi wao walikuwa na mahali pa kulala usiku ule walipoamua. Mwache baba akasirike, ana haki, lakini mlango usifungwe.

*Sista, nina nyumba ya kupangisha Mburahati, vyumba sita, choo kimoja. Mpangaji mmoja, dada anayejipenda tu, nimeona kopo la dawa za UKIMWI chumbani kwake nilipoingia kukagua bomba la maji. Wapangaji wengine wana watoto. Nimpe notisi?*

Kwanza, uliingia chumbani kwa mtu kukagua bomba ukaishia kukagua makopo.

Choo hakiambukizi VVU. Ndoo, sufuria, kamba ya kuanikia, mbu, kikohozi, kukalia stuli moja, vyote haviambukizi. Kati ya wapangaji wako, huyo unayemwogopa ndiye anayejua hali yake na anatumia dawa. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta watu wazima 4.4 katika kila 100 nchini wana VVU, na baadhi yao hawajui. Wale wengine wa vyumba vitano umewaona vipimo vyao?

Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza kumbagua mtu kwa hali yake. Kwa hiyo notisi yako itakupeleka pabaya, na ukishawanong'oneza wapangaji wengine itakupeleka pabaya zaidi. Funga mdomo, tengeneza bomba. Na vyumba sita kwa choo kimoja, mama, hapo ndipo kipindupindu kinapopenda. Jenga cha pili.

*Shikamoo Sista. Mimi na mume wangu tunakaa Kigamboni, tuna miaka mitatu ya ndoa. Mimi naishi na VVU, yeye hana, na alijua tangu uchumba. Natumia dawa vizuri, kipimo cha mwisho waliandika virusi havionekani. Tunataka mtoto. Mume anaogopa kuacha kondomu, mimi naogopa kunyonyesha, na mama mkwe kila Ijumaa anaangalia tumbo langu. Pia kuna mtumishi mmoja kaniambia nikiombewa niache vidonge nitapata mtoto safi. Tufanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kumweleza kabla ya ndoa. Sheria inataka hivyo, lakini wengi inawashinda.

Mtoto mzaeni. Mtu anayemeza dawa kila siku na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Sikufariji. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti uliofuatilia jozi 888 za wapenzi Ulaya, mmoja ana VVU anatumia dawa, mwingine hana, wakilala bila kondomu. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake aliye kwenye utafiti. Tafiti zilizofuata zikasema vilevile. Sharti ni lile "kila siku", na kipimo kiwe cha karibuni. Kama chenu kina mwaka, rudieni kwanza. Mume akiwa bado na wasiwasi, aombe PrEP, kidonge cha kinga kwa asiye na VVU, akitumie wakati mnatafuta ujauzito. Pengine hakihitaji, lakini akilala usingizi ni faida kwenu wote.

Ukishika mimba wahi kliniki ya wajawazito, uwaambie mapema uko kwenye dawa. Watapima wingi wa virusi mara nyingi zaidi ya kawaida. Watakupa na vidonge vya kuongeza damu, na hapa kuna kitu wengi hawaambiwi: madini ya chuma yakikutana na dolutegraviri tumbo likiwa tupu yanaishika isiingie mwilini vizuri. Ama umeze vyote pamoja na chakula, ama umeze dawa yako ya VVU saa mbili kabla ya vidonge vya damu. Dawa za kiungulia za kutafuna nazo zina tabia hiyo, lakini hizo hata chakula hakizisaidii: dawa yako itangulie saa mbili, au isubiri saa sita baada yake.

Kunyonyesha, nyonyesha. Miezi sita maziwa yako peke yake, bila maji, bila uji, bila kijiko cha bibi, kisha vyakula vingine huku ukiendelea kumnyonyesha na dawa zako hukosi hata siku. Mtoto atapewa dawa ya maji ya kinga tangu kuzaliwa, atachukuliwa tone la damu kisiginoni akiwa na wiki sita, na ataendelea kupimwa mpaka baada ya kuacha ziwa. Usikubali majibu ya kwanza yakufanye uache kumpeleka.

Mama mkwe hahusiki na hali yako ya damu. Mwambie "tunaomba Mungu, mama", umletee juisi.

Na huyo mtumishi. Mimi mwenyewe nasali, nakwenda ibada ya kwanza kila Jumapili. Akuombee, uitikie amina, urudi nyumbani umeze kidonge. Atakayekulazimisha uchague kimoja kati ya hivyo viwili, hama kanisa. Nimewapokea wodini waliochagua vibaya, na wachungaji wao sikuwaona saa za kutazama wagonjwa.

*Sista naomba nisaidie haraka. Jumamosi kondomu ilipasuka, mwenzangu simjui vizuri. Mimi naendesha bodaboda Manzese. Kuna dawa?*

Barua yako imenifikia baada ya wiki kadhaa, kijana wangu, na dawa uliyoitaka huanza ndani ya saa 72. Nakujibu kwa ajili ya yule ambaye itampasukia Jumamosi ijayo: usiandike barua, usioge kwa maji ya moto ukidhani inasaidia, washa pikipiki nenda hospitali ya serikali usiku uleule, waambie unataka PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya ajali kama hiyo. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Unameza siku 28 bila kukosa.

Wewe sasa pima, kisha urudie kupima miezi mitatu tangu tukio, na katikati tumia kondomu. Kama mambo haya yanakutokea mara kwa mara, na nyie wa bodaboda nawajua, uliza PrEP. Mama wa CTC hatakung'ata.

*Sista, mimi ni mama wa Mbagala Rangi Tatu, naishi na VVU mwaka wa tisa. Nilikuwa na dada mhudumu wa jamii, ndiye alikuwa ananipigia simu, ananikumbusha tarehe, siku nyingine ananiletea dawa kibandani kwangu maana nauza peke yangu. Mwaka jana mwanzoni mradi wao ukasimama, akaniaga huku analia. Tangu hapo nimeyumba. Sasa nina wiki mbili bila dawa, naona aibu kurudi, kule kituoni kuna nesi mmoja anakufokea mbele za watu. Mwenzangu wa kikundi amenipa vidonge vyake kumi. Nivitumie?*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ingawa baadaye huduma za dawa ziliruhusiwa kuendelea, wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi ile hawakurudi mitaani. Dawa zilibaki kabatini, waliokuwa wakizitembeza wakaondoka. Tangu matibabu ya bure yaanze hapa mwaka 2004 tumejisifu kwa idadi ya vituo na vidonge, na tulistahili, lakini yule dada wa simu hatukumweka kwenye ikama ya mtu yeyote. Tulimwachia mfadhili. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nilikaa chumba kile cha CTC na nilijua nani alikuwa anawarudisha watu: sikuwa mimi niliyekaa kwenye kiti.

Turudi kwako. Vidonge vya mwenzako mrudishie. Vitamkatisha yeye dozi mwisho wa mwezi, na hapo mtakuwa wawili. Kesho asubuhi nenda kituoni. Wiki mbili ni jambo linalorekebishika. Wataendelea na dawa zako, na baada ya miezi michache ya kumeza vizuri watapima wingi wa virusi waone kama vimetii. Sema ukweli wa siku ulizokosa. Ukidanganya, kipimo kikija juu watadhani dawa imeshindwa, watakubadilishia bure.

Kama huwezi kumvumilia yule nesi, usimtazame. Ukifika ulizia MWAVIU mshauri, yule mwenzenu anayeishi na VVU aliyewekwa kituoni kusaidia wateja, akuingize yeye. Au hama kituo, unayo haki hiyo, kadi yako ya CTC inakubalika kwingine kwa barua ya uhamisho, na hata bila barua hawatakurudisha na wiki mbili za ukavu. Nesi anayefoka mbele za watu ashtakiwe kwa mganga mfawidhi. Mimi ni nesi, nawaambia mumshtaki.

Ukitulia na virusi vikashuka, omba dawa za miezi mitatu, baadaye hata sita kwa mkupuo, uache kufunga kibanda kila mwezi. Na kuhusu yule dada, hapa Mtoni tulipoona wahudumu wameondoka tulikaa na akina mama wa kikoba chetu. Kila kikoba kina mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa. Tukakubaliana kutoa nauli humo kwa yeyote mwenye kliniki, bila kuuliza kliniki ya nini: presha, sukari, CTC, methadoni ya mtoto wake, yote ni "kliniki". Hakuna anayejitangaza. Na kila mmoja ana mwenzake wa kumpigia simu usiku: "Umekula dawa?" Yangu ni ya presha, na anayenipigia mimi sijui yake ni ya nini. Hatutaki kujua. Baadhi walinung'unika, hasa lilipokuja suala la vijana wa unga, kwamba hela yetu inakwenda kwa mateja. Tulibishana vikao viwili, kwa sauti. Nauli inatoka. Wewe nawe una kikundi, na mwenzako aliyekuwa tayari kukupa vidonge kumi ana moyo. Muombe akupe simu ya saa tatu usiku badala yake.

*Asalaam alaykum Sista. Nina mdogo wangu anakunywa methadoni mwaka wa pili, amerudi kazini gereji, Alhamdulillah. Pia anatumia ARV, dawa za VVU. Mwezi wa Ramadhani unakaribia, na yeye anasema ataacha dawa zote mwezi mzima afunge kama wanaume wenzake. Mama amefurahi, mimi nina wasiwasi. Ni halali wasiwasi wangu?*

Wa alaykum salaam. Ni halali kabisa. Akiacha methadoni ghafla, siku ya pili atakuwa na arosto, na futari ya siku hiyo ataifungulia maskani. Tena akikosa siku kadhaa mfululizo mwili unalegea, kliniki haiwezi kumpa dozi yake ya zamani hata akirudi, itabidi aanze chini upya. Mwezi ukiisha amepoteza gereji.

ARV hazina tatizo: ni kidonge kimoja kwa siku, akihamishie wakati wa futari au daku, asikose. Methadoni ndiyo inamezwa mchana mbele ya mhudumu. Waende kliniki sasa, kabla mwezi haujaandama, waulize kama saa ya dozi inaweza kusogezwa. Ikishindikana, Kurani yenyewe katika Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine, na ambaye ugonjwa wake haumruhusu kulipa ana fidia ya kulisha maskini. Mimi si Muislamu, kwa hiyo hapo nakabidhi kwa imamu wenu, ila mpelekeni na mdogo wako mwenyewe akaeleze ni dawa gani na inafanya nini. Maimamu wengi wa Temeke wamezika vijana wa unga, hamtahitaji kuwaeleza sana. Na mama aambiwe na imamu, si na wewe.